Pupa ya Mbolea

Mwalimu mmoja mstaafu, huko milima ya Usambara, alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake akajenga kitalu nyumba cha nyanya. Tangi likapandishwa jukwaani, mipira ya matone ikatandazwa, miche ikashika vizuri. Kila aliyepita njiani aliomba kuchungulia.

Mwezi wa pili majani ya kileleni yakaanza kuwa manjano. Mishipa yake ilibaki kijani, lakini nafasi kati ya mshipa na mshipa ilikuwa imepauka. Mwalimu hakujisumbua kuchunguza. Alijua jambo moja tu: mmea wa manjano una njaa, na dawa ya njaa ni urea. Akaweka. Siku chache zikapita bila nafuu, akaongeza.

Angetazama manjano yameanzia wapi, asingeigusa urea. Urea hutoa naitrojeni, kirutubisho kinachohama ndani ya mmea. Ikipungua, mmea huinyang'anya majani makuukuu ili kulisha machipukizi, kwa hiyo manjano yake huanzia chini na hulienea jani zima. Chuma hakihami. Kikikosekana, majani machanga ndiyo hupauka kwanza, mishipa ikibaki kijani. Magnesiamu nayo huacha mishipa kijani, ila huanzia majani ya chini. Potasiamu ikipungua, huungua kingo za majani makuukuu. Nyanya za mwalimu zililia chuma, naye akazipa naitrojeni.

Tena chuma hakikukosekana udongoni. Wekundu wa udongo ule unatokana na chuma chenyewe. Tatizo ni kwamba kabla ya kupanda, mwalimu alimwaga chokaa na madebe ya majivu bila kupima. Vyote viwili hupandisha pH ya udongo, na nyanya hupenda pH ya kati ya 6 na 6.8. Ikizidi 7, chuma hujifunga udongoni, na mizizi hukikosa ingawa kimeizunguka.

Urea ikaleta balaa la pili. Shamba la wazi huoshwa na mvua, chumvi za mbolea zikazama chini. Ndani ya kitalu mvua hainyeshi, chumvi inayozidi hubaki mizizini. Kingo za majani zikaungua. Mwalimu akaona njaa imezidi, akaongeza tena.

Halafu matunda yakaanza kuoza kitako. Dukani kwa pembejeo akaambiwa ni upungufu wa kalsiamu. Akanunua naitreti ya kalsiamu, akaimimina kwenye tangi lililokuwa na DAP, mbolea ya fosfeti, iliyoyeyushwa. Maji yakageuka meupe kama tui. Kalsiamu na fosfeti zilikuwa zimeshikana zikawa chenga zisizoyeyuka, na asubuhi yake matundu ya mipira yalikuwa yameziba. Matuta mawili yakanyauka kwa kiu.

Mkewe ndiye aliyemwita bibi shamba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Niambie niweke mbolea gani."

"Usiweke kitu, mwalimu. Kwanza niambie, unamwagilia saa ngapi?"

Mwalimu akakiri kwamba hakuwa na saa maalumu. Leo alifurika, kesho na keshokutwa alisahau.

Bibi shamba akang'oa mche, akakagua mizizi kama ina vinundu vya minyoo fundo. Havikuwapo. Akakata shina, akalitumbukiza katika glasi ya maji safi aone kama litatoa utelezi mweupe, dalili ya mnyauko bakteria. Halikutoa. Akachukua udongo wa kupeleka maabara, kisha akaeleza: kalsiamu hufika kwenye tunda kwa kubebwa na maji. Maji yakikatikakatika, kitako huoza hata kama udongo umejaa kalsiamu. Na urea ikizidi, amoniamu yake hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mizizi.

Tiba yake ilikuwa hivi: mbolea isimame. Udongo uoshwe polepole kwa maji matupu, nayo yapate pa kutokea. Mipira izibuliwe. Maji yatolewe kidogokidogo, kila siku saa ileile. Majani machanga yapuliziwe chuma kilichoyeyushwa. Majibu ya maabara yakathibitisha kwamba pH ilikuwa imepanda mno.

Majani yaliyoungua hayakurudi, maana jani lililokufa halifufuki. Mapya yakatoka kijani, na kwa hayo ndiyo mwalimu alijua tiba imekubali. Lakini mavuno ya kwanza, yaliyotegemewa kurudisha gharama, yalikuwa yamekwenda.

Ndugu mkulima, kabla ya kufungua mfuko wa mbolea, tazama ugonjwa umeanzia majani ya juu au ya chini. Kagua maji, kisha mizizi, kisha pH. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, usubiri majani mapya yakupe jibu. Na pima udongo kabla ya kupanda, kwani gharama ya kipimo ni ndogo kuliko hasara ya msimu mmoja.