Deni la Anayejua

Mwaka 2002 zilirushwa setilaiti mbili za GRACE, moja ikiifuata nyingine umbali wa kilomita 220 hivi. Maji yakipungua ardhini, mvutano wa dunia hapo hulegea kidogo, na nafasi kati yao ilikuwa ikibadilika. Maji yanapimwa uzito bila kuchimba. Japani wameutumia mvutano huohuo, kwa vipimo vya ardhini, kufuatilia maji ya kina kirefu wakati wa matetemeko ya polepole, yale yanayochukua siku au miezi bila mtu kushtuka.

Mimi niko Kibarani, palipokuwa jaa la taka, nanunua maji ya mtungi kwenye mkokoteni. Kwa GRACE mimi sikuwa kitu. Iliona mamia ya kilomita kwa pamoja. Lakini anayejua maji yanapungua ana deni gani kwa anayeyanywa? Utaniambia kazi yake ni kupima tu. Sawa, na daktari anayeona ugonjwa akanyamaza?

Mwaka 2013 ilitangazwa hazina kubwa ya maji chini ya Lotikipi, Turkana. Habari ikazunguka dunia. Baadaye vipimo vikaonyesha yana chumvi. Hiyo ya chumvi, wewe uliisikia?

Kijana wa mkokoteni nilimuuliza maji yake yatoka wapi. "Kisimani," akasema, akasukuma.