Sauti ya Mtu Mfukoni mwa Mwingine

Mtu akisema mbele ya wenzake, maneno yake ni mali ya nani? Swali hili huenda likaonekana la mchezo, lakini tukilitazama kwa makini tutaona kwamba halina mchezo hata kidogo. Ukiniazima jembe, jembe hubaki lako, nami nina wajibu wa kulirudisha. Ukiniambia neno, neno halipungui kwako wala mimi siwezi kulirudisha. Sote wawili tunalo. Kwa karne nyingi jambo hilo halikuleta taabu kubwa, maana aliyesikia aliondoka na kile tu ambacho kichwa chake kiliweza kubeba, na kichwa cha binadamu ni kapu lenye matundu. Leo msikiaji anaweza kuondoka na sauti yenyewe, pamoja na kikohozi, kigugumizi na kicheko chake. Hapo ndipo swali linapopata makali.

Hebu tuanze na vyombo vyenyewe. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo kilichochora sauti juu ya karatasi nyembamba ya bati na kuirudia tena. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Fikiri, msomaji, jinsi kazi hiyo ilivyokuwa: safari ya kuvuka bahari, mashine, mafundi. Haikuwezekana kabisa mwimbaji anaswe sauti bila yeye kujua. Chombo, kwa ukubwa wake, kilikuwa kinabisha hodi. Hata kampuni ya Philips ilipoleta kaseti mwaka 1963, na watu wa kawaida wakaanza kunasa sauti wenyewe, bado redio ya kaseti ilikuwa ni kitu cha kuonekana. Katika harusi iliwekwa mbele ya wapigaji, kitufe kikabonyezwa kwa kishindo, na ambaye hakutaka kusikika alinyamaza.

Kisha zikaja kompyuta za kiganjani. Mnamo mwaka 2000 kampuni ya Compaq ilitoa moja iliyoitwa iPAQ, yenye kumbukumbu ya megabaiti 32, maikrofoni ndani yake, na kitufe cha kunasia sauti ubavuni. Ilienea mfukoni mwa shati. Wapenzi wa muziki wakajiuliza mara moja: je, tunaweza kuingia nayo ukumbini tukatoka na tamasha?

Jibu lilikuwa katika hesabu. Kompyuta hainasi sauti kama mkondo, bali huipima mara nyingi kila sekunde na kuandika vipimo hivyo kwa tarakimu. Kwa ubora wa diski za muziki, hupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti mbili. Ukinasa kwa njia mbili, kushoto na kulia, dakika moja hula zaidi ya megabaiti 10. Kumbukumbu yote ya chombo kile ingejaa kwa dakika tatu tu. Tena maikrofoni yake ndogo ilizidiwa na ngoma na magitaa, sauti ikatoka imekwaruzwa. Walioona kazi hiyo ni muhimu walilazimika kuongeza kadi za kumbukumbu na maikrofoni za nje.

Lakini mazungumzo ya watu hayahitaji ubora huo. Yapime mara 8,000 kwa sekunde, kwa baiti moja moja, na megabaiti zile 32 zitabeba zaidi ya saa nzima. Hapa pana jambo la kutafakari. Chombo kile hakikutosha kwa tamasha, lakini kilitosha sana kwa siri. Kilichokuwa dhaifu mbele ya ngoma kilikuwa hodari mbele ya mnong'ono. Simu za leo zimeondoa hata udhaifu wa kwanza. Zinanasa saa nyingi kwa ubora mkubwa, na kila mtu anayo yake. Hodi imekoma kubishwa.

Wako waliokutana na tatizo hili mapema na kulitatua kwa heshima. Kundi la muziki la Grateful Dead la Marekani lilikuwa na wapenzi waliokuja na vinasa sauti kwenye maonyesho yake. Kundi halikuwafukuza. Mwaka 1984 likawatengea sehemu yao ukumbini, wakasimamisha maikrofoni zao juu ya nguzo mbele ya macho ya wote. Nakala zilibadilishwa baina ya watu bila kuuzwa. Leo maelfu ya maonyesho ya kundi lile yanasikika, ambayo vinginevyo yangepotea hewani. Tazama mambo mawili yaliyofanya tendo hilo liwe jema: mwenye sauti alijua, na aliyeichukua hakuifanya kuwa bidhaa. Chombo kile kile, mikononi mwa mtu aliyekificha ndani ya koti, kingekuwa chombo cha mwizi.

Sasa nitoke ukumbini niingie nyumbani, maana huko ndiko kwenye maumivu zaidi. Nimewahi kukaa katika kikao cha ukoo kilichoitishwa kuwapatanisha ndugu wawili waliogombana juu ya shamba la baba yao. Mazungumzo yalikuwa makali, kama yanavyokuwa mazungumzo ya namna hiyo. Kaka mkubwa, kwa hasira, alisema neno zito juu ya mdogo wake. Saa moja baadaye alilifuta kwa kinywa chake mwenyewe, akalia, wakashikana mikono, wazee wakaomba dua. Baada ya miezi kadhaa ikajulikana kwamba kijana mmoja alikuwa amenasa kikao chote kwa chombo kilichokuwa mfukoni. Kilichozunguka mikononi mwa watu hakikuwa kikao kizima. Kilikuwa ni lile neno moja, la sekunde chache, bila machozi yaliyofuata. Mdogo mtu alilisikia upya, na safari hii hapakuwa na mzee wa kumshika mkono. Ndugu wale hawakuzungumza tena mpaka mmoja wao alipozikwa.

Je, kijana yule alisema uongo? La hasha. Kila silabi ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana nasema suala hili si la ukweli na uongo. Upatanishi wote wa wazee wetu ulisimama juu ya kitu ambacho hakuna aliyekitaja: kwamba maneno ya hasira yatachakaa. Kumbukumbu ya mtu hulainisha kingo za jiwe kama maji ya mto. Tunasema ulimi hauna mfupa, na katika msemo huo mna onyo, lakini mna huruma pia, maana kila mmoja anajua kwamba na wake utateleza siku moja. Kinasa sauti hakina ulimi, kwa hiyo hakina huruma hiyo.

Kuna atakayenipinga, na pingamizi lake si dogo. Atasema: mbona sauti iliyonaswa kwa siri ndiyo ngao ya mnyonge? Binti anayetakiwa rushwa ya ngono ili apewe kazi atapata wapi shahidi? Mkulima anayeombwa hongo nyuma ya mlango uliofungwa atamshitaki nani, na nani atamwamini? Nakiri kwamba hoja hii ina nguvu, na sitaki kuikwepa. Mwenye madaraka anapofunga mlango ili adhulumu, yeye ndiye aliyevunja amana ya chumba kile kwanza. Hawezi kudai usiri alioutumia kama panga. Anayemnasa hapo anaita shahidi ambaye mdhalimu alimzuia mlangoni. Huwezi kusema ameiba sauti. Lakini tusichanganye mambo. Kikao cha ukoo, kitanda cha mgonjwa, maungamo ya rafiki usiku wa manane, hivyo si vyumba vya dhuluma. Watu huingia humo bila silaha.

Sheria zimeanza kuamka. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni jambo jema. Hata hivyo hakimu hakai sebuleni mwetu, na udugu ukishavunjika hautengenezwi kwa faini.

Wala simsihi mtu aache kunasa. Tumezika wazee wengi wenye hadithi, majina ya vizazi na nyimbo za kupuria mpunga, na pamoja nao tumezika visivyopatikana tena. Mwenye chombo mfukoni na bibi aliye hai, naye asimwulize, ana deni. Lakini na amwulize. Akitoe chombo, akiweke juu ya mkeka mbele ya bibi, aseme: "Bibi, nataka kuitunza sauti yako, unaniruhusu?" Mara nyingi bibi atacheka, atajitengeneza kanga, kisha atasema vizuri kuliko ambavyo angesema bila kujua. Na akisema, "Hili la mjomba wako usilitie humo," basi kidole kibonyeze kitufe, na neno hilo lirudi mahali lilipotoka.

Kipimo changu ni huo mkeka. Kabla ya kunasa sauti ya mtu, nijiulize kama ningethubutu kukiweka chombo pale anapokiona. Kama siogopi, na niendelee. Kama naogopa, nijiulize naogopa nini: kudhulumiwa na mwenye nguvu, au kuonekana na aliyeniamini? Anayeogopa kudhulumiwa anajilinda. Anayeogopa kuonekana na aliyemwamini tayari anajua jibu, na anachotafuta ni udhuru.