Salman Alisimulia Mwenyewe



Wapo kati yetu wanaouliza: kuna faida gani kusimulia kwamba wazee wetu waliitwa Waswahili? Si kufukua machungu tu? Swali ni zito, maana hapa Rwanda neno hilo halikuwa la lugha peke yake. Muislamu aliitwa umuswahili, na mwongo, mjanja wa mjini, naye aliitwa hivyo hivyo. Wakati wa Wabelgiji walitengewa mitaa yao, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Marehemu bibi yangu aliambiwa abatizwe kwanza ndipo apate dawati. Akarudi Biryogo, akakaanga mandazi, na kwa mandazi hayo akasomesha watoto sita.

Jibu langu nalichukua kwa Salman al-Farisi (R.A.). Kisa chake kimepokewa na Ibn Abbas (R.A.) kutoka kinywani mwa Salman mwenyewe, wala hakuficha kitu: alikuwa mtunza moto uliokuwa ukiabudiwa kwao, karibu na Isfahan, kisha akauzwa utumwani na wasafiri aliowapa ng'ombe na kondoo wake wamfikishe Uarabuni. (Nauli alilipa, na bado wakamuuza!) Alipomsimulia Mtume (S.A.W.), Mtume alipendezwa masahaba wake nao wasikie.

Hapa tusipite haraka. Mtume hakumwambia kwamba yaliyopita yamepita, sasa wewe ni Muislamu, inatosha. Na Salman alipotakiwa kujikomboa kwa miche 300 ya mitende na wakia 40 za dhahabu, masahaba walichanga miche, huyu 30, yule 20, na Mtume akaipanda kwa mkono wake. Kwa maoni yangu, ni vigumu kumchangia mtu usiyejua alikotoka.

Hosteli kwetu wapo wanaojitambulisha kwa jina moja tu, lile lisilonuka msikiti. Siwalaumu. Lakini nani atawasimulia wenzetu kwamba mwaka 1994 Waislamu wengi waliwaficha waliokuwa wakisakwa, bila kuuliza dini?

Sharti ni moja: tusimulie bila kumtukana yeyote. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana majina mabaya, na katazo hilo linatuhusu sisi pia.

Ijumaa ijayo, baada ya Alasiri, darsa litaanza kwa visa vyetu. Dada mmoja wa mwaka wa pili ameomba azungumze wa kwanza, na ameandikisha majina yake yote matatu.