Miguu Ndiyo Shahidi

Fundi wa ngoma anayekodiwa studio, bongo fleva asubuhi na injili jioni, anaweza kupiga ngoma ya Kinyamwezi pale Ziba ikawa ya kweli? Wengi watauliza kwanza kabila lake. Lakini Shem Karenga, mwimbaji wa Tabora Jazz, alitoka Kigoma; na neno “jazz” lilitoka Marekani, huku likawa jina la bendi za dansi. Tabora, mji wa misafara, umezoea kupokea.

Swali langu ni utii. Studioni mpigaji humtii anayelipa. Uwanjani huitii miguu ya wachezaji: ikichoka, ngoma hushuka, ikichangamka, ngoma huitika. Asiyekubali kuongozwa nayo anaiga tu, hata akiwa mzaliwa wa Ziba.