Hatia na Deni

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Tanzania, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni mali ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akalieleza taifa kwamba sababu ya kumpiga ipo, nia ipo, na uwezo upo. Maelfu ya mgambo wakaitwa kuongeza nguvu za Jeshi la Wananchi.

Achukuliwe mkulima mmoja wa Bariadi, mfano wa wengi. Siku hizo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu haukuzaliwa hadi 2012. Ameitwa wakati mvua za kwanza zimelainisha ardhi na mbegu za pamba zinangojea kutiwa udongoni. Jumatatu ya tarehe 25 Desemba inamkuta ndani ya handaki, karibu na mpaka, ilhali nyumbani kwake Krismasi inaliwa bila yeye, na shamba linasubiri palizi.

Ugumu wa siku hiyo haukuwa hatari peke yake. Kufikia Krismasi adui alikwishaondoka katika sehemu kubwa ya ardhi aliyoipora, na Mutukula haikutekwa hadi Januari 1979. Ulikuwa wakati wa kungoja. Anayepigana hana nafasi ya kujiuliza, anayengoja anayo. Na swali lilikuwa wazi: nchi imekwisha kurudi kwa wenyewe, mbona baba hajarudi kwa wanawe?

Jean-Paul Sartre, katika mhadhara wake wa Paris wa mwaka 1945, alisimulia habari za mwanafunzi aliyemwendea wakati wa vita. Kijana yule alisimama njia panda: ajiunge na Wafaransa huru waliokuwa Uingereza, au abaki na mama yake, ambaye hakuwa na tegemeo jingine. Sartre alimjibu kuwa yu huru, basi achague. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halimfai mkulima wa Bariadi. Yeye hakuchagua, aliitwa, akaitika. Lau maadili yangekuwa suala la uchaguzi tu, asiyechagua asingekuwa na la kujibu. Hata hivyo, mahali pake penye mkeka palibaki patupu vilevile.

Yawezekana kusema kwamba Usukumani pengo la mtu mmoja huzibwa na wengi. Ni kweli kuwa Wasukuma walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Lakini vita huchukua mikono ileile ambayo ingeziba pengo. Tena, miaka michache tu kabla ya hapo, kaya nyingi zilikuwa zimehamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na jirani wa zamani, aliyejua zamu ya nani imefika, huenda amebaki mbali. Mzigo ukamwangukia mke.

Hapa ndipo panapotakiwa kutenganishwa mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: hatia na deni. Mwenye hatia ametenda kosa. Mwenye deni huenda hakukosea lolote. Amepokea tu kitu ambacho hakijarudishwa. Vita vya haki humwondolea askari hatia ya kuwaacha watoto wake. Havifuti deni. Mke aliyepanda, akapalilia na akavuna peke yake alitoa kitu, na kitu hicho hakikuwa hewa.

Basi nani mdaiwa? Si askari peke yake, kwani hakujituma. Aliyemtuma ni taifa, na taifa ndilo lililopokea: kwanza ardhi yake, kisha ushindi wa Kampala wa tarehe 11 Aprili 1979. Mwenye kupokea ndiye mwenye kudaiwa. Ajabu ni kwamba vita vilipokwisha, wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18, na mdai akawa miongoni mwa waliolipishwa.

Wapo walioanguka, nao mashujaa wa vita hivyo wana makaburi yao Kaboya, mkoani Kagera, ambako taifa huenda kuweka mashada. Ni haki yao, na heshima hiyo isipunguzwe. Lakini shada huwekwa juu ya kaburi. Juu ya jembe halijawekwa. Ushindi husimuliwa kwa majina ya miji iliyotekwa, Mutukula, Masaka, Kampala, kana kwamba vita vilipiganwa huko tu. Msimu ule ulipiganwa Bariadi pia, na mpiganaji hakuwa na bunduki wala kiapo. Alikuwa na mbegu, mvua, na watoto waliouliza baba atarudi lini.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini mlipaji huanza kwa kukiri kuwa anadaiwa.