Nani Anachagua Nyimbo Bora za Marehemu?

Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Baadaye zikaanza kutoka Nairobi albamu zilizopewa jina la Ukumbusho, moja baada ya nyingine, zikikusanya nyimbo zake zilizokuwa zimetamba kwenye santuri ndogo. Sisi tuliozaliwa baada ya santuri kufa tunamjua kupitia mikusanyo hiyo, au mikusanyo ya mikusanyo hiyo. Hapa Kyela mjini, kijana mwenye kompyuta na spika anakujazia zilipendwa kwenye memori kadi. Ukimtajia Mbaraka, anakupa zilezile alizompa mtu wa jana. "Shida" haikosi.

Swali linalonisumbua ni hili: tunapomkumbuka mtu kwa bora zake peke yake, tunamheshimu au tunamdhulumu?

Jibu la haraka ni kwamba lazima kuchagua. Mbaraka alipiga na Morogoro Jazz, mwaka 1970 wakaenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, na mwaka 1973 akaondoka kuanzisha Super Volcano. Kazi ya miaka yote hiyo haikai kwenye sahani moja. Na kwa mtu wa Ngonga au Matema aliyekuwa na redio ya betri na mshahara wa msimu wa mpunga, albamu moja ya nyimbo zilizochujwa ilikuwa na faida kuliko santuri ishirini asizoweza kuzinunua. Siwaelewi wapenzi wa muziki wanaodharau mikusanyo. Wengi wao wana pesa ya kutafuta hizo santuri ishirini.

Lakini tuangalie kinachoachwa. Santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, na mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, wa pili magitaa yanaendelea, kasi inapanda, watu wanacheza. Huko ndiko kwenye chemko. Mkusanyaji mwenye nafasi finyu atabakiza nini? Maneno. Kisha jina kubwa juu ya jalada ni moja. Morogoro Jazz ilikuwepo kabla ya Mbaraka kujiunga nayo, ilikuwa na wapiga saksafoni, mpiga besi, mtu wa tumba. Mkusanyo unageuza kazi ya watu wengi kuwa kipaji cha mtu mmoja, na hakuna aliyesema uongo hata kidogo. Hapo ndipo naona ugumu wa kimaadili. Uongo unaweza kuukanusha. Uteuzi utaukanushaje, wakati kila kilichomo ni kweli?

Nyumbani kwetu Ipinda mchele unachaguliwa kwenye ungo. Mapumba yanapepetwa, mawe yanatupwa, punje nzima zinabaki. Chenga hazitupwi. Zinawekwa pembeni kwa ajili ya uji na vitumbua, na mtoto anayekula kitumbua anajua kabisa kimetoka wapi. Mchele huohuo ukipanda lori kwenda Dar es Salaam mambo yanabadilika: wafanyabiashara wengine wanauchanganya na wa kwingine, wanauza wote kwa jina la Kyela. Mama wa ungo na mfanyabiashara wa gunia wote wamechagua. Tofauti yao ni kwamba mmoja ukimuuliza chenga ziko wapi, atakuonyesha.

Babu yangu alizikwa mwaka 2014. Wasifu wa marehemu ulisomwa mbele ya kanisa zima: mkulima hodari wa mpunga na kokoa, mzee wa kanisa, baba wa watoto saba. Ulikuwa mkusanyo wa nyimbo zake bora na wote tuliitikia. Miaka ya hamsini babu alikuwa mgodini Afrika Kusini, kama vijana wengi wa Kinyakyusa waliochukuliwa na WENELA. Alirudi na gramafoni, na sisi wajukuu tulikuta boksi lake tupu darini. Inajulikana ndani ya ukoo kwamba kule aliacha mwanamke na mtoto. Kwenye wasifu, miaka ile yote ilikuwa sentensi moja: "Alifanya kazi nje ya nchi."

Wapo watakaosema msiba si mahali pa kufukua. Nakubaliana nao karibu kabisa. Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele, na hakustahili kusikia hayo kupitia kipaza sauti. Kunyamaza siku ile kulikuwa adabu. Lakini adabu ya siku moja ikichapwa, ikatolewa nakala, ikawekwa kwenye bahasha za familia, inageuka kuwa historia. Watoto wetu hawatakuwa na kingine cha kusoma. Na mahali fulani kusini kuna mzee wa miaka sitini na kitu ambaye kwenye maisha ya baba yake ni upande wa pili wa santuri.

Kwa hiyo sidai kwamba kila mkusanyo uwe na kila kitu. Nadai kidogo tu: anayechagua aseme kwamba amechagua, aache alama ya mahali alipokata. Albamu inaweza kuandika majina ya wapigaji nyuma ya jalada. Kijana wa memori kadi naye nilimwomba nyimbo nzima, pamoja na chemko. Akacheka, akasema hizo ni ndefu, zinajaza nafasi. Akaniwekea mbili.

Wasifu wa babu ninao. Mwaka juzi shangazi aliuomba, akaukalia mezani muda mrefu, kisha kando ya ile sentensi ya kazi nje ya nchi akaandika kwa kalamu ya bluu jina la mtoto. Sikujua kama alikuwa analijua.