Watoto Wawili, Je, Lazima Shule Moja?

Maandiko: Mwanzo 25:24-28, Mathayo 25:14-30

Jumapili iliyopita katika ibada ya pili tuliwagusia wazazi kidogo tu, na wiki nzima simu yangu haijapumzika. Muhula wa tatu unaelekea ukingoni na wengi wenu mnafikiria kuhamisha watoto. Kwa hivyo leo tuliandike jambo hili vizuri.

Isaka na Rebeka walipata mapacha. Tumbo moja, siku moja, nyumba moja. Na bado mmoja alikua mtu wa porini, mwindaji, na mwenzake akawa mtulivu wa kukaa hemani. Kama mapacha wanaweza kutofautiana hivyo, wewe mwenye mtoto wa Gredi ya 6 na mwingine wa Gredi ya 4 unashangaa nini? Lakini shida ya nyumba ile haikuanzia kwa watoto. Ilianzia kwa wazazi, kila mmoja na wake. Isaka alimpenda Esau, na Neno halifichi sababu: ni ile nyama ya mawindo. Alimpenda mtoto kwa kile alicholeta mezani. Ndugu, kuna wazazi leo wanakula ripoti fomu! Mtoto akileta alama, ni "mtoto wangu". Asipoleta, anaitwa kwa majina yake yote matatu, hadi la babu.

Baba na mama mmoja wa hapa kwetu wameniruhusu nieleze jambo lao bila majina. Binti yao yuko Gredi ya 6, anapenda vitabu, anapenda kushindana, mtihani wa KPSEA haumtishi. Kijana yuko Gredi ya 4. Kusoma kunamchukua muda, lakini mpe redio iliyokufa ataifungua yote na kuirudisha. Wote wako shule moja ya kibinafsi ya kutwa, upande wa pili wa jiji, shule yenye jina. Binti anang'aa. Kijana amekuwa wa mwisho mihula minne mfululizo, na siku hizi kila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Karibu na nyumbani kuna shule nyingine ya kutwa, ndogo, haina jina, lakini darasa lina watoto wachache na mwalimu anapata nafasi ya kukaa na mtoto mmoja mmoja.

Baba akaniambia, "Pasta, nikiwatenganisha itaonekana nambagua kijana." Mama naye anaogopa maneno ya shangazi na majirani, kwamba yule mmoja amepelekwa shule ya wajinga. Hilo neno ni lao, si langu.

Sasa sikizeni. Katika Mathayo 25 yule bwana hakugawa talanta sawasawa. Alitoa tano, mbili na moja, na Yesu anasema alimpa kila mtu kulingana na uwezo wake. Maana yake alikuwa anawajua. Hakukisia. Halafu tazama aliporudi kufanya hesabu. Wa tano alileta kumi, wa mbili akaleta nne. Linganisha mstari wa 21 na wa 23: sifa ni ile ile, na furaha walioalikwa kuingia ni ile ile. Hakumwambia wa mbili, "Umejaribu, lakini muone mwenzako." Usawa ulikuwa kwenye upendo na kwenye sifa. Haukuwa kwenye kiasi.

Kwa hivyo, mzazi, kuwapeleka watoto wote shule moja si haki yenyewe, na kuwatenganisha si ubaguzi wenyewe. Ubaguzi ni kumpeleka mmoja mahali pazuri kwake na mwingine mahali panapokufaa wewe. Ukimwacha kijana pale ili jirani asiongee, umemlipia jirani karo.

Mnivumilie kidogo, nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma. Wengi wetu tunalinganisha karo peke yake. Tuchukue mfano. Shule ya mbali ina karo ya 32,000 kwa muhula, basi 14,000, chakula 9,000. Jumla 55,000, mara mihula mitatu ni 165,000. Shule ya karibu ina karo ya 35,000, chakula 8,000, na mtoto anatembea. Hiyo ni 43,000, kwa mwaka 129,000. Ile yenye karo ya juu ndiyo nafuu, kwa 36,000! Na lile punguzo la ndugu wawili ambalo linawashikilia wengi? Asilimia 10 ya karo ya mtoto wa pili ni 3,200 kwa muhula, yaani 9,600 kwa mwaka. Halifiki hata theluthi ya tofauti hiyo. Na pesa ya kiingilio uliyolipa miaka mitatu iliyopita, hiyo imekwenda, mpendwa. Isiwe sababu ya kumweka mtoto mahali panapomuumiza.

Hesabu nyingine haiandikwi kwenye orodha ya karo, nayo ni usingizi. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Lakini mtoto wa basi anasimama barabarani gizani saa kumi na moja, na mvua ikinyesha Jogoo Road anarudi usiku. Binti wa nguvu anaweza kubeba hilo. Kijana anayehangaika na kusoma anafika darasani tayari amechoka.

Lakini sisemi kila ndugu watenganishwe. Mama anayelea peke yake na kufungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi hawezi kugawanyika mara mbili, na Mungu anajua. Kuna mtoto mdogo anayetulia tu akimwona dada yake uwanjani. Na kama shule mbili zitakuingiza kwenye mkopo wa simu kila muhula, basi hapana. Wachague shule moja, ila waichague kwa kumwangalia yule anayehangaika zaidi, maana aliye na nguvu mara nyingi atasimama popote.

Mkienda kuangalia shule, msiende siku ya wazazi wakati kuta zimepakwa rangi. Nenda Jumanne ya kawaida. Angalia choo. Muulize mwalimu wa darasa, si mkurugenzi, "Mtoto akichelewa kusoma, mnafanya nini?" Akianza kukuhesabia vikombe vya shule, umejibiwa. Uliza pia miradi ya CBC inafanywaje. Katika kuingia Gredi ya 10, KJSEA inabeba asilimia 60, KPSEA 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zinabeba 20. Shule ambayo mzazi ndiye anakata katoni usiku wa manane, mtoto hajifunzi kitu. Na huko mbele kuna mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Yule wa redio ana mahali pake. Kutoka 31 inamtaja Bezaleli, fundi, ambaye Mungu alimjaza Roho wake ili achonge mawe na mbao. Si wa kuhubiri, wa kuchonga!

Jambo lingine, na hapa naomba tusikie vizuri. Kabla hujasema mtoto ni mvivu, au kwamba ni roho ya ukoo inayomfuata, mpeleke akapimwe macho na masikio. Kuna vituo vya serikali vya EARC, vimekuwepo tangu 1984, kazi yao ni kupima watoto wanaopata shida ya kujifunza. Tutaomba pamoja, nitaweka mikono, lakini kesho yake nenda ukapimishe.

Sasa mkishaamua, nani atamwambia kijana, na kwa maneno gani? Mimi nimewaomba wale wazazi wawili wamwambie wao wenyewe, wakiwa pamoja, kabla shangazi hajamwambia. Na wamwambie mbele ya dada yake. Yakobo alipokuwa karibu kufa aliwakusanya wanawe wote, na kila mmoja akasikia neno lake mwenyewe wengine wakisikiliza. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameshona kanzu moja tu ya rangi, ya mmoja, na mnajua ilivyoishia. Hata sare mpya, wanunulieni siku moja.

Jumatano hii baada ya maombi ya jioni nitabaki na wazazi pale ukumbi mdogo. Kina baba pia, msiwatume kina mama peke yao. Njooni na orodha za karo za shule zote mnazofikiria, ripoti za watoto wote, si za yule wa kwanza tu, na kalkuleta. Walimu wawili wa kanisa letu watakuwepo.